Mama kaja Berlin kunisaidia mtoto, hataki kabisa kutoka kutembea bustanini, nifanyeje?

Bint_Ngamiani

Habari zenu wadau, hasa nyie mlioko nje na mlishawahi kuletewa wazazi. Naomba mnisaidie mawazo maana nimefika mahali naanza kugombana na mama yangu mzazi na hicho kitu sikitaki.

Mi naishi Berlin, upande wa Wedding, huu mwaka wa sita. Nimejifungua mwezi wa pili, mtoto wa kwanza, na mume wangu yuko shifti ya mchana, anatoka saa sita anarudi saa nne usiku, kwa hiyo tukaona tumlete mama aje anisaidie kulea, viza ya siku 90. Mama ni mtu wa Tanga, Ngamiani, ana miaka 63, kule nyumbani anauza vitumbua asubuhi na mtaa mzima unamjua, hawezi kutoka kibarazani mpaka dukani bila kusimama mara kumi. Kwa ulezi sina la kusema, amenikanda maji ya moto, amenipikia uji wa pilipili manga, mtoto anamuogesha mpaka analala mwenyewe, Mungu ampe maisha marefu.

Tatizo ni kwamba ni wiki ya tano sasa na ametoka nje mara nne tu. Siku nzima yuko jikoni dirishani anaangalia uani kwenye mapipa ya taka, maana fleti yetu dirisha la jikoni linaangalia uani. Mchana anasinzia usiku hapati usingizi, chakula anaonja tu. Mi naona anapungua.

Na hapa dakika kumi kwa mguu tuna bustani kubwa sana inaitwa Volkspark Rehberge, ina miti mirefu, viziwa vidogo vya maji, kuna kulungu wamewekewa uzio, viwanja vya kuchezea watoto, na sasa hivi mwezi wa tano kila kitu kimechipua. Mimi hiyo bustani iliniokoa mwaka wa kwanza nilipokuja, nilikuwa simjui mtu, lugha sina, basi kila alasiri naenda naizunguka yote narudi na nguvu. Nilitamani sana mama naye aione hivyo.

Siku ya kwanza nilimtoa saa nane mchana, jua zuri, nyuzi kama 15. Tumeshuka ngazi ghorofa nne hakuna lifti, mimi na mtoto, yeye anashikilia ukuta. Tumefika barabarani akaniuliza, tunaenda wapi? Nikamwambia tunatembea tu mama. Akasema, tunatembea kwa nani? Nikamwambia hatuendi kwa mtu, tunatembea tu bustanini tunarudi. Akanyamaza lakini nikaona uso umebadilika. Kuingia bustanini akaanza kusalimia, kila anayepita anamwambia "habari za mchana", wengine wanapita kama hawajasikia, wengine wanamkodolea macho, kijana mmoja akatoa vile vitu masikioni akamtazama akavirudisha akaendelea kukimbia. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, mwanangu hawa watu kuna msiba? Halafu likaja jibwa likubwa halina kamba, likamnusa buibui mpaka magotini, mwenyewe yuko mbali anacheka anasema halina shida. Tukarudi. Buibui likafuliwa usiku huo huo na mama akasema yeye kuona miti ameshaona, Usambara kuna miti.

Nimejaribu kumwambia ni kwa afya yake, nimejaribu kumwambia hewa ya ndani haimfai hata mtoto, wapi. Alhamisi iliyopita nikachoka nikapandisha sauti nikamwambia mama umekaa kama mfungwa. Hakunijibu, akaingia chumbani. Usiku namsikia anaongea na mama mdogo kwenye simu anasema, huku ndani nimefungwa na nje nako nimefungwa. Nililia bafuni.

Sasa naomba ushauri, je nimuache tu amalize siku zake au kuna namna? Na mlioko Berlin kama mnajua sehemu nyingine tofauti naomba mniambie.

---

Mzizima78

Dada pole, ila mi naona umuache bimkubwa apumzike. Alikuja kulea mjukuu hakuja kufanya mazoezi. Sisi tukikaa huku tunaambukizwa hii tabia ya kuzunguka bustani kama tumepoteza kitu, tunasahau kwamba kwetu mtu mzima akitoka nyumbani ana safari. Alikuuliza swali la maana sana, tunatembea kwa nani, na wewe hukuwa na jibu.

---

Nesi_wa_Hamburg

Mzizima sikubaliani. Mtu wa miaka 63 kukaa ndani wiki tano, hatembei, halali usiku, hali vizuri, hilo sio jambo la kuachia. Mi nafanya kazi na wazee huku na naona kinachotokea miguu ikizoea kukaa. Na huo usingizi pia, mwili unapanga saa zake kwa mwanga wa mchana, sasa mtu yuko jikoni linapoangalia uani mwanga anaupata wapi? Na huku mwezi wa tano jua linazama saa tatu usiku, kwa mtu aliyezoea giza la saa kumi na mbili na nusu maisha yake yote hiyo peke yake inavuruga kichwa.

Ila dada nina maswali kabla ya ushauri. Mama ana sukari? Ana presha? Anakunywa dawa gani na saa ngapi? Magoti je? Mara nyingi mzee akikuambia "sitaki" ujue kuna "siwezi" nyuma yake na anaona aibu kuisema.

---

Mama_Wawili_Arusha

Mwanangu Bint Ngamiani, mimi ni mtu mzima kama huyo mama yako, niko Arusha, ila mwaka 2019 nilikaa kwa binti yangu Toronto miezi mitatu kwa kazi hiyo hiyo ya kulea. Naomba nikuelezee kwa upande wetu maana nyie watoto mnatuona tunadeka.

Mimi pia nilikataa kutoka na sababu niliyoisema ilikuwa baridi. Haikuwa baridi. Ilikuwa choo. Mtu ukifika umri wetu na ukawa unakunywa dawa ya presha haja ndogo haikusubiri, na pale nje sijui choo kiko wapi, kama kipo nafunguaje, nikiingia maji ya kujitawazia nayapata wapi, yaani nikifika kwenye kona ya tatu tu nilikuwa naanza kuhesabu hatua za kurudi. Ningemwambiaje mkwe wangu nirudisheni nimebanwa? Binti yangu alikuwa ananionyesha miti na ziwa na mimi nilikuwa siyaoni, naona choo tu kichwani.

La pili, ufunguo. Ile nyumba ilikuwa inafunguliwa kwa kadi na namba, nikawa najiona nikitoka hata hatua mbili sirudi tena. Mtu mzima aliyeendesha nyumba yake miaka arobaini anategemea mtoto amfungulie mlango, hilo linauma na hatulisemi.

La tatu, hakuna wa kuongea naye. Wewe una mume, una simu, una lugha. Yeye siku akikukasirikia wewe hana mtu mwingine mji mzima.

Kaa naye jikoni, usimuulize mbele ya mume wako. Muulize habari ya choo wewe mwenyewe ndiyo uanze, mwambie mama mi tangu nijifungue nikibanwa siwezi kuvumilia, atakuambia na yake.

---

Bint_Ngamiani

Mama shikamoo. Nimesoma hii nikiwa nanyonyesha machozi yakaanza kutoka. Asante sana. Nesi na wewe asante, presha anayo, anakunywa vidonge viwili, kimoja ni kile cha kukojoza. Ngoja niongee naye nitarudi.

---

Kijana_wa_Msambweni

Kuhusu mbwa niseme kidogo maana na mama yangu mimi ilikuwa hivyo hivyo. Kwanza sheria iko upande wenu, kwenye bustani za Berlin mbwa anatakiwa awe na kamba isipokuwa kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao, na kwenye viwanja vya watoto haruhusiwi kabisa. Kwa hiyo ukimuona hana kamba mwambie mwenye mbwa kwa heshima "bitte anleinen", wengi wanafunga hapo hapo. Kaa upande wa viwanja vya watoto utakuwa na amani.

Pili kwa upande wa dini, mweleze mama taratibu, sisi kwa madhehebu yetu ya Shafi mbwa mkavu akigusa nguo kavu najisi haihami. Ni ule unyevu, mate na pua, ndio unaosha mara saba moja kwa udongo. Mi nilimuwekea mama yangu mtandio mkubwa wa kujifunga juu ya buibui akiwa nje, akirudi anauvua mlangoni. Kitu kidogo hivyo tu akatulia, ikawa swala yake haiko hatarini.

Na siku za joto kali epuka zile nyasi za kuotea jua, Berlin kuna watu wanalala hapo bila nguo hata moja na hakuna anayewauliza, bustani ya Tiergarten inajulikana kwa hilo. Kama utamtoa mama mwezi wa sita pita njia za kivuli. Na hapo Rehberge kwenye wanyama nadhani unajua kulungu wana majirani nguruwe pori, sasa usije ukamfikisha pale bila kumwambia.

---

Ramani_ya_Zamani

Bint Ngamiani, samahani nimechelewa, ila unaishi mahali penyewe kabisa na nashangaa hakuna aliyekuambia. Mama anataka safari yenye mwisho, sio? Mpeleke Tanga.

Pembeni kabisa ya hiyo Rehberge kuna ule mtaa wanaita Afrikanisches Viertel, mitaa zaidi ya ishirini ina majina ya Afrika, ya kwanza ilipewa majina mwaka 1899, Togo na Kamerun, enzi hizo Wajerumani wako na makoloni. Kuna Tangastraße. Kuna Sansibarstraße, kuna Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Vibao vimesimama barabarani vimeandikwa hivyo. Mama alisema Usambara kuna miti, basi mwonyeshe Usambara ya Berlin, toka naye muende mpaka kwenye kile kibao apige picha awatumie watu wa Ngamiani, hiyo ni safari na ina ushahidi.

Na kuna jingine. Palikuwa na mtaa unaitwa Petersallee, jina lililowekwa 1939, la yule mkoloni wa Kijerumani Carl Peters ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Watu walipigania miaka mingi liondolewe, na mwezi wa nane 2024 likaondolewa kweli, mtaa ukagawanywa, kipande kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, yule mama wa Namibia aliyepinga ubaguzi, na kingine Maji-Maji-Allee. Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, imeandikwa kwenye kibao Berlin. Mi nilisimama pale nikashika ile nguzo. Babu yake babu yangu ni wa Songea.

Hata hiyo bustani yenyewe ina habari. Kabla ya vita vya 1914 mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alipanga kuweka huko maonyesho ya wanyama na ya watu kutoka makoloni, watu weusi wakae pale watazamwe. Vita ikaukata huo mpango. Miti ikaja kukatwa kwa kuni pakabaki mchanga mtupu unapeperuka, halafu wakachukua watu wasio na kazi wakaitengeneza bustani, ikafunguliwa 1929. Kwa hiyo mama yako akikaa pale kwenye benchi na mjukuu wake, anatazama yeye wengine wanapita, mimi hilo nalipenda sana.

---

Mzizima78

Ramani hizo habari nzuri na mi sikuzijua. Lakini mama wa watu ana huzuni, amekaa dirishani wiki tano, unataka umpeleke akaelezwe habari za kuonyeshwa watu kama wanyama? Kibao cha Tanga sawa. Hayo mengine yasubiri.

---

Ramani_ya_Zamani

Mkuu wazee wetu sio mayai. Mama wa Tanga anajua Mjerumani alikaa pale, reli ya kwenda Usambara ilianza kujengwa Tanga 1893, neno "shule" tunalotumia kila siku tumelitoa kwao. Ila nakubali kwamba aanze na kibao. Dada akiona wakati umefika atamwambia.

---

Mwana_wa_Likoni

Hamjambo, mimi ni wa Mombasa, niko Berlin miaka kumi na mbili, nimeolewa na Mturuki. Bint Ngamiani, nisikize mimi mwenzio.

Mamako anataka watu. Kibao kitamfurahisha siku moja, kesho atauliza tena twenda kwa nani. Sasa wallahi watu wako hapo hapo Wedding, hujawaona kwa sababu wewe watembea haraka kama Mjerumani. Alasiri siku ya jua enda kwenye mabenchi ya karibu na kiwanja cha watoto, utawakuta mabibi wa Kituruki wamekaa wanne watano, vitambaa kichwani, chupa ya chai katikati, mbegu za alizeti wanabangua, wajukuu wanacheza. Mama mkwe wangu ni mmoja wao, alikuja Berlin tangu ujana wake, na Kijerumani chake mpaka leo ni cha dukani. Hao ndio wa mamako. Wao wanajibu salamu! Mwambie mama asiseme habari za mchana, aseme "Salaam aleikum" uone hilo benchi lote litakavyogeuka.

Na lugha usihofu. Mimi nilipoolewa nilikuwa sijui neno, nikaanza kusikiliza, kumbe nayajua. Chai wao wasema çay. Dunia ni dünya. Habari ni haber. Saa ni saat, kitabu ni kitap, sabuni ni sabun, kalamu ni kalem, duka ni dükkân, askari ni asker. Subira ni sabır. Sote tumechota kwa Waarabu na Waajemi. Mimi na mama mkwe mwaka wa kwanza tuliishi kwa maneno kama thalathini na tukasikizana.

Sasa fanya hivi. Usimwambie twenda kutembea. Mwambie mama kesho twapeleka chai. Atie chai ya tangawizi kwenye chupa, na kitu cha kutafuna alichopika mwenyewe, vikombe vitatu au vinne. Mtu akishika chupa ya chai mkononi hatembei bure, ana ujumbe.

Na saa pia, nani kakwambia umtoe mtu wa pwani saa nane na jua la utosi? Kwetu hiyo ni saa ya kulala. Hata kama ni nyuzi 15 macho yake yaona jua. Toka saa tisa na nusu au kumi, mrudi kabla ya alasiri kwisha, maana mwezi huu alasiri yaingia saa kumi na moja na kitu, mna wakati.

---

Nesi_wa_Hamburg

Mwana wa Likoni umenifundisha.

Dada kuhusu dawa, usimbadilishie saa wewe mwenyewe. Piga simu kwa daktari wake huko Tanga umuulize kama kile kidonge cha kukojoza anaweza kunywa mapema asubuhi. Vyoo vya jiji vitafute kwenye ramani ya simu kabla hamjatoka, vingi sasa ni bure na vingine unalipa kwa kadi, kwa hiyo beba kadi na chupa ndogo ya maji. Na siku ya kwanza usiende mbali, nenda benchi la kwanza tu ukae.

---

Bint_Ngamiani

Jamani nimerudi, zimepita siku kumi na moja, naomba mnisamehe kwa kimya, mtoto alikuwa na mafua. Naandika kwa kirefu maana mlinishika mkono.

Usiku ule ule nilikaa na mama jikoni nikafanya kama Mama wa Arusha alivyosema, nikaanza na ya kwangu. Mama akaweka kisu chini, alikuwa anamenya viazi, akasema, kumbe na wewe? Halafu yote yakatoka. Kidonge alikuwa anakunywa baada ya chakula cha mchana, eti asituamshe usiku akienda chooni maana choo kiko karibu na chumba chetu na mkwe anatoka kazini amechoka. Siku ile ya mbwa alikuwa amebanwa tangu getini. Mi nilidhani kakasirika kumbe anavumilia. Na ufunguo pia ilikuwa kweli, alisema alishawahi kushuka mpaka mlango wa chini siku moja nimelala, akasimama hapo akiogopa ukijifunga nyuma yake, akapanda tena ghorofa zote nne. Hakuniambia.

Kesho yake tulipiga simu Tanga, daktari akasema anywe asubuhi mapema. Nikamchongea mama funguo zake mwenyewe, nimezifunga kwenye kitambaa cha kanga, tukafanya zoezi, mimi niko ndani yeye yuko nje anafungua mlango wa chini, anapanda, anafungua wa juu. Mara tatu. Mara ya tatu aliingia anacheka.

Tanga tulienda Jumamosi, mume wangu hakuwa kazini akabeba mtoto. Mama alivaa gauni la Idi. Alisimama chini ya kile kibao akasoma herufi moja moja, T, A, N, G, A, akaweka mkono kifuani. Tumepiga picha nyingi, amezituma kwa watu wote, mama mdogo akapiga simu ya vidio akaambiwa ashuhudie. Mzizima, hilo la Hagenbeck sijamwambia. La Maji Maji nilimwambia, tulipita pale, akasema bibi yake alikuwa akiwatisha watoto kwa kusema Mdachi anakuja, yaani Mjerumani. Alikaa kimya muda halafu akaniuliza, na hawa wenyewe ndio wameliweka hili jina? Nikamwambia watu walidai miaka mingi, na weusi wa hapa wakiwemo. Akasema vizuri.

Lakini lililobadilisha kila kitu ni lile benchi. Mwana wa Likoni Mungu akulipe. Jumatatu tumetoka saa tisa na nusu na chupa ya chai ya tangawizi. Moyo unanidunda mimi kuliko yeye. Mabibi walikuwepo, watatu. Mama akasimama mbele yao akasema salaam aleikum kwa sauti ya Ngamiani kabisa, wote wakaitika kwa pamoja, wakasogea, wakampisha nafasi, mmoja akapangusa benchi kwa mkono. Hawakuuliza ni nani anatoka wapi, wameangalia mtoto wakasema mashallah. Mmoja akawa anamuonyesha mtoto anasema "torun, torun", maana yake mjukuu, mama akadhani anajitambulisha jina, mpaka leo anamwita Bi Toruni na mwenyewe anaitika!

Chai wameijua. Mama akasema "chai", yule akasema "çay", wakatazamana. Halafu yule bibi akaonyesha saa ya mkononi akasema "saat", mama akasema "saa". Basi wakaanza kutafuta maneno kama watoto wanatafuta embe chini ya mti, dunia, sabuni, kalamu, wakipata moja wanapigana mkono. Tumekaa saa moja na robo. Njiani mama akaniambia, mwanangu, hawa Waturuki Kiswahili wanakijua ila hawajakinyoosha.

Tangu siku hiyo tumeenda mara tano. Usingizi umerudi, sio wote lakini analala. Jana mvua ilinyesha alikuwa anaenda dirishani kila saa, sio lile la uani, la mbele, anaangalia kama imekata. Leo mi nimechoka, mtoto hakulala, nikamwambia mama leo sitaweza. Akaniambia kaa wewe na mwanao. Akajifunga mtandio wake wa mbwa juu ya buibui, akachukua funguo na simu na chupa. Nikamuuliza mama unakwenda wapi peke yako? Akasema, natembea kwa Bi Toruni.

Nimemfuata kwa macho kwenye dirisha la mbele mpaka akakata kona.

Sasa nina swali jingine, anataka kesho awapelekee vitumbua. Nimenunua unga wa mchele wa supamaketi tumejaribu havijaumuka, vimekaa kama mkate wa juzi na mama amekasirika nao kweli. Nani anajua Berlin unga mzuri unapatikana wapi?

---

Mama_Wawili_Arusha

Marahaba mwanangu, nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Achana na huo unga. Nunua mchele wenyewe, loweka usiku kucha, asubuhi umwage maji, usage na tui zito kwenye blenda mpaka ulainike kabisa, hamira na iliki na sukari, halafu uache uumuke. Kwa huko kuna baridi, uweke karibu na hita na uufunike na kanga, usiharakishe, hata masaa matatu usubiri.

Na mama mwambie mwenzake wa Arusha anamsalimu sana.

---

Mwana_wa_Likoni

Kikaango cha vitumbua kama hana, duka la Kiasia lauza kile cha Wahindi chenye vishimo, ni kile kile. Na apike vingi, kesho nitamleta mama mkwe wangu.